Skwota

Pitia barazani Junju, wadi ya Kilifi Kusini iliyo jirani na mashamba ya mkonge ya Vipingo, neno hili utalisikia. Tumelitoa kwenye Kiingereza, tukalivika ma- ya wingi kama madaktari na mapolisi: maskwota. Kisarufi halina kosa. Kosa liko kwenye maana, kwani skwota ni aliyevamia, na Mgiriama au Mchonyi aliyezaliwa penye makaburi ya babu zake amevamia nini?

Jibu liko kwenye sheria ya hati za ardhi ya 1908. Kwenye ukanda wa maili 10 wa pwani, ardhi isiyodaiwa kwa maandishi ilihesabiwa kuwa ya Mfalme wa Uingereza. Wamijikenda, wakiwemo Wagiriama na Wachonyi, waliomiliki kwa ukoo na kwa mdomo, wengi wao hawakupata hati. Mwenyeji akageuka skwota bila kuhama hatua moja!

Katiba ya Kenya ya 2010 imeleta jina jingine: ardhi ya jamii. Sheria yake ya 2016 inawapa wanajamii kamati wanayoichagua wenyewe, na ardhi haiuzwi ila thuluthi mbili za watu wazima waliosajiliwa wakubali. Hiyo ndiyo sauti hasa, si kuitwa mkutanoni kupigia makofi uamuzi uliokwisha pita. Lakini sheria hiyo haiigusi ardhi yenye hati ya mtu binafsi. Anayeishi humo angali skwota, na thuluthi mbili hizo hazimhesabu.