Spika zikivuma, usikate mguu wa tatu wa plagi

Nilipounganisha televisheni na amplifaya nyumbani hapa Lunga Lunga, spika zilivuma "mmmm" hata nilipopunguza sauti hadi mwisho. Fundi mmoja akaniambia niukate mguu wa tatu wa plagi. Huenda mvumo ungekwisha kweli, lakini ushauri ule unaweza kuua mtu.

Chanzo ni hiki. Stima yetu ya volti 240 huenda na kurudi mara 50 kila sekunde. Amplifaya ya plagi ya miguu mitatu ina waya wa ethi, ule wa kijani na njano, unaoelekea ardhini. Kebo ya dishi nayo huenda imegusana na mabati au mlingoti uliochimbiwa chini. Ukiviunganisha vyombo hivi, panakuwa na njia mbili za kwenda ardhini, nazo hufunga duara. Stima kidogo huzunguka humo kupitia waya wa sauti, nawe unaisikia kama mvumo.

Kumtafuta mchawi, zima vyombo, chomoa kebo ya dishi kwenye king'amuzi, kisha washa tena. Mvumo ukitoweka, duara linapita kwenye dishi. Ukibaki, chomoa nyaya za sauti mmoja mmoja. Amplifaya ikivuma hata ikiwa peke yake, basi ubovu huenda uko ndani yake, mpelekee fundi.

Dawa ni tatu. Kwanza, chomeka vyombo vyote kwenye ekstensheni moja yenye ethi. Pili, ikiwa televisheni na amplifaya zina tundu la kebo ya mwanga, tumia hiyo, kwani mwanga haupitishi stima. Tatu, weka kwenye waya wa sauti kile kitransfoma kidogo cha kuzuia mvumo, kinachouzwa na wauza redio za magari. Mimi kilinitosha hicho.

Mguu wa tatu uache. Waya wa moto ukichomoka ndani na kugusa bodi ya chuma, ethi huibeba stima ile hadi fyuzi ikaungua. Bila ethi, bodi hubaki na moto, ikimngoja mtoto aliyetoka kuoga, miguu ingali na maji. Kama yako imeshakatwa, na unaingiza plagi kwa kutumbukiza kalamu kwenye tundu la juu, badilisha plagi hiyo leo.