Hadithi za Maua

Bibi Nobuko Yoshiya alizaliwa Niigata, Japani, mwaka 1896, zama ambazo binti alilelewa awe mke mwema na mama mwenye busara. Mwaka 1916 alianza kuandika Hana Monogatari, yaani Hadithi za Maua, katika gazeti la wasichana. Zilitimia hadithi 52, nyingi zikisimulia mapenzi ya wanafunzi wa kike wao kwa wao.

Wazee waliyavumilia mapenzi hayo wakiyadhani umande wa asubuhi: posa ikija, yatakauka. Hadithi zenyewe aghalabu huishia katika machozi ya kutengana. Lakini katika Yaneura no Nishojo, kitabu cha mwaka 1920, wasichana wawili waondoka pamoja kwenda kuyaanza maisha yao.

Mwandishi naye aliishi hivyo. Mwaka 1923 alikutana na Chiyo Monma, mwalimu wa hesabu, wakawa pamoja hadi Nobuko alipofariki mwaka 1973. Ndoa yao haikuwamo katika sheria; basi mwaka 1957 alimwandikisha Chiyo kuwa binti yake wa kupanga, ili wawe jamaa mbele ya serikali.

Twaona hapa kalamu ilivyoitangulia sheria. Hadithi iliwaita wapenzi. Sheria, baada ya miaka 41, iliweza kuwaita mama na mwana tu.