Tangazo la Tororo, 1972

Kuna historia ya kufukuzwa watu iliyoanzia karibu na sisi hapa Sop Sop. Tarehe 4 Agosti 1972, kwenye kambi ya jeshi Tororo, Idi Amin alitangaza kwamba Waasia wenye pasipoti za Uingereza watoke Uganda. Wakapewa siku 90. Aliwaita wahujumu uchumi, na redio ilikuwa ya serikali. Sasa nani angewajibia?

Tarehe 15 Septemba, halmashauri ya mji wa Leicester, Uingereza, ikalipia tangazo katika gazeti la Uganda Argus: msije kwetu, nyumba na shule zimejaa. Yaani huku ondokeni, kule msije! Na gazeti ni hilo hilo. Mwisho wa mwaka serikali ikalichukua, likaitwa Voice of Uganda.

Lakini maelfu walienda Leicester hivyo hivyo, wakafungua maduka, wakajenga maisha.

Sisi tunaoitwa mzigo tunalijua jambo hili. Ukisoma habari za wakimbizi, tafuta kwanza: mkimbizi mwenyewe amesema wapi? Kama hayupo, hiyo habari ni nusu.