Sauti za Kiswahili na Historia ya Kuziandika

Elimu ya matamshi ilifundishwa katika vyuo vya Kurani vya pwani ya Afrika Mashariki muda mrefu kabla ya neno fonetiki kufika. Mwanafunzi wa tajwidi, yaani elimu ya kusoma Kurani kwa matamshi sahihi, hufundishwa mahali inapotokea kila herufi: kooni, kwenye kaakaa, kwenye ufizi, kwenye meno au midomoni. Msingi wa elimu hiyo uliwekwa Basra katika karne ya 8. Al-Khalil bin Ahmad al-Farahidi, ambaye asili yake ni Oman, aliipanga kamusi yake, Kitab al-Ayn, kwa kufuata mahali pa matamshi, akaanza na herufi za kooni na kuishia na za midomoni. Mwanafunzi wake, Sibawayhi, naye akaeleza sauti za Kiarabu kwa kina katika kitabu chake cha sarufi.

Elimu hiyo ilihusu Kiarabu, na hapo ndipo ugumu ulipoanza Waswahili walipoiandika lugha yao kwa herufi zilezile. Barua za Kiswahili zilizohifadhiwa Goa, za kati ya 1711 na 1728, ni miongoni mwa maandishi ya zamani kabisa yanayojulikana. Kiarabu kina alama tatu za irabu fupi, ilhali Kiswahili kina irabu tano. Hivyo kasra ilibeba i na e, na dhamma ikabeba u na o. Herufi za p, v, ch na g hazikuwapo. Ghaini ilisimama mahali pa g, ng na ng', na bee ikasimama mahali pa b, p na mb. Bee mbili zenye fataha ziliweza kusomwa baba, papa, bapa, bamba au pamba, na msomaji alitegemea muktadha ili kujua lipi limekusudiwa.

Wamisionari wa Ulaya walileta herufi za Kirumi. Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, na sarufi yake ikachapishwa Ujerumani mwaka 1850. Edward Steere, aliyeanza kazi Unguja katika miaka ya 1860, alitoa kitabu chake cha mafunzo ya Kiswahili mwaka 1870. Tahajia yake ilikuwa nyepesi: irabu zisomwe kama za Kiitalia, konsonanti kama za Kiingereza. Ilimfaa mchapishaji, na ilimfaa mgeni anayejifunza lugha.

William Taylor, aliyefanya kazi Mombasa miaka ya 1880 na 1890, aliona kwamba tahajia hiyo ilificha mambo mawili ya Kimvita, lahaja ya Mombasa. Kwanza ni mpumuo, yaani pumzi inayofuata konsonanti kama p, t, k na ch. Mzawa wa Mombasa akitamka paa, mnyama wa porini, pumzi hiyo husikika wazi kwenye kiganja kilichowekwa mbele ya midomo. Akitamka paa la nyumba, haisikiki. Ndivyo ilivyo pia kwa kaa wa baharini na kaa la moto. Sababu yake ni ya kihistoria. Majina ya ngeli ya N yalikuwa na nazali mwanzoni, na nazali hiyo ilipodondoka mbele ya konsonanti isiyo ghuna, iliacha mpumuo nyuma yake. Jambo la pili ni t mbili: moja hutamkwa ncha ya ulimi ikigusa meno, nyingine ikigusa ufizi. Ile ya meno husikika katika mato na kuteka, ambayo Unguja ni macho na kucheka.

Wakati huohuo fonetiki ilikuwa ikijengeka kuwa taaluma huko Ulaya. Chama cha kimataifa cha fonetiki kilianzishwa Paris mwaka 1886 chini ya Paul Passy, na baadaye kikaunda alfabeti inayolenga kila alama iwe na sauti moja tu. Mwaka 1899 Carl Meinhof alichapisha uchunguzi wake wa sauti za lugha za Kibantu, akizilinganisha ili kufikia sauti za lugha mama ya zote.

Meinhof alihudhuria pia mkutano wa Mombasa wa 1928, ulioteua Kiunguja, lahaja ya Unguja, kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ilianza kazi mwaka 1930, na tahajia iliyoenezwa ilifuata kwa kiasi kikubwa njia ya Steere. Shule na mitambo ya uchapishaji ilihitaji herufi chache, kwa hiyo mpumuo na t ya meno havikuwekewa alama. Ritifaa ilitumika katika ng' pekee, ili ng'ombe asisomwe kwa sauti ya ngoma.

Wataalamu hawakuacha kuzichunguza sauti hizo. Makala ya Tucker na Ashton ya 1942 ilieleza fonetiki ya Kiswahili kwa undani, ukiwamo mpumuo. Upande wa herufi za Kiarabu, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa alizirekebisha ili zitoshe sauti za Kiswahili.

Tahajia sanifu, basi, ni makubaliano yaliyofanywa kwa ajili ya elimu na uchapishaji, na haikukusudiwa kuwa orodha kamili ya sauti za lugha. Maandishi sanifu huandika paa na kaa kwa namna moja kwa maana zote, na mwalimu anayetaka wanafunzi wake wasikie tofauti hana budi kuwatamkia.