Diski Shingoni: Lugha na Mazoea ya Vijana wa Shule Mjini Isiolo

Nia ya makala haya ni kufuata historia ya kitu kidogo ambacho wengi wetu tulikivaa shingoni kabla hatujaota ndevu, na ambacho hatukukitaja tena tulipopata shahada. Katika shule nyingi za Kenya kitu hicho kiliitwa diski, na kwingine monita. Kilikuwa kipande cha ubao, au kifuniko cha kopo kilichotobolewa kikatiwa uzi. Mwanafunzi aliyesikika akisema lugha isiyotakiwa alivishwa, naye akakaa nacho hadi amsikie mwenzake akikosea vivyo hivyo, ndipo ampokeze. Jioni aliyekutwa nacho alichapwa, na mara nyingine akatakiwa kumtaja aliyempa, na huyo amtaje aliyemtangulia, hata mnyororo mzima ukafichuka. Ngũgĩ wa Thiong'o ameyaeleza mambo haya kwa upande wa Kiambu katika kitabu chake Decolonising the Mind (1986), nasi hatuna haja ya kuyarudia. Tunalotaka kulitazama ni lile lililotokea pale desturi hiyo ilipofika Isiolo, maana huko ilikutana na hali ya lugha isiyofanana na ya Kiambu.

Yafaa kwanza tukumbuke kwamba diski si uvumbuzi wa Kenya. Mwandishi wa makala haya, alipokuwa akisomea shahada ya pili Uingereza, alizuru jumba la makumbusho la St Fagans karibu na Cardiff, akaonyeshwa kipande cha ubao kilichochongwa herufi mbili, W na N. Kilikuwa kikivishwa watoto wa Wales waliosema Kiwelisi shuleni katika karne ya 19, na ripoti ya serikali ya mwaka 1847 juu ya elimu ya Wales inaitaja desturi hiyo. Huko Brittany, Ufaransa, watoto waliosema Kibretoni walipokezana kitu cha namna hiyo hiyo, na katika visiwa vya Okinawa, Japani, mwanzoni mwa karne ya 20, kulikuwa na kibao cha lahaja kilichofanya kazi ile ile. Mgeni aliyesimama karibu nami aliniuliza kwa nini nilikuwa nikicheka. Nilimjibu kwamba cha kwetu kilikuwa kifuniko cha kopo la mafuta ya kupikia.

Hata hivyo tofauti iko, nayo ni kubwa. Katika Wales na Brittany lugha mbili zilikabiliana: ya nyumbani na ya serikali. Katika darasa moja la Isiolo mtoto wa Kiborana aliketi kati ya Mturukana na Msomali, nyuma yao Mmeru na Msamburu, na huenda mlangoni akawako mtoto wa askari kutoka Kakamega au Machakos. Hawa hawakuhitaji kibao cha kuwalazimisha watafute lugha moja, kwa kuwa walikuwa nayo tayari, nayo ni Kiswahili. Kwa hiyo diski iliyobuniwa kuua lugha ya nyumbani, ilipofika Isiolo ilikuta windo lake kubwa ni lugha ya taifa.

Je, Kiswahili kilifikaje huko, mbali na pwani kiasi hicho? Hakikuletwa na shule. Kiliingia na askari, karani na mnunuzi wa ng'ombe. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia serikali ya Kiingereza iliwapa makazi Isiolo Wasomali wa Isaaq na Herti waliokuwa wamelitumikia jeshi lake, na Kiswahili cha kambini, kile ambacho wasomi wa zamani walikibeza, wengi wao walikuwa wamekizoea. Isiolo ikawa makao ya utawala wa Jimbo la Kaskazini, mahali pa karantini ya mifugo, na lango la nchi iliyofungwa: chini ya sheria ya mwaka 1902 ya wilaya za pembezoni, na ile ya 1934 ya wilaya maalumu, watu hawakuruhusiwa kuingia wala kutoka bila kibali. Kwenye kizuizi cha barabarani lugha iliyosemwa ilikuwa Kiswahili, na mara nyingi ilikuwa lugha ya amri. Ndiyo maana hata leo wazee wa huko, mtu akisafiri kwenda Nairobi, husema amekwenda Kenya.

Majina ya mitaa yenyewe ni ushahidi wa historia hiyo. Bulla Pesa imechanganya neno la Kisomali lenye maana ya mtaa na neno la Kiswahili. Kula Mawe na Kambi ya Juu ni Kiswahili kitupu. LMD ni herufi za idara ya masoko ya mifugo, nazo zimegeuka jina la mahali, hata watoto waliozaliwa huko hawaulizi zilitokana na nini. Wabera ni jina la Daudi Dabasso Wabera, Mwafrika wa kwanza kuwa mkuu wa wilaya hiyo, aliyeuawa Juni 1963 pamoja na chifu Haji Galma Dido.

Kifo hicho kinatuingiza katika sura ya uchungu. Tume ya mwaka 1962 ilikuwa imeripoti kwamba sehemu kubwa ya wakazi wa kaskazini walitaka kuungana na Somalia. Ombi hilo lilikataliwa, na vita vilivyoitwa vya mashifta vikaendelea hadi 1967. Katika miaka ya mwisho ya vita hivyo Waborana wa Waso walikusanywa katika vijiji vyenye ulinzi, Garba Tulla na Merti, na kwa kuwa mifugo haiwezi kulishwa mahali pamoja, mingi ilikufa, na mingine ilichukuliwa au ikapigwa risasi. Tusipolitaja jambo hili hatuwezi kuelewa kwa nini shule za bweni zilijaa baadaye. Mzazi wa kaskazini alikuwa na desturi ya kugawa watoto: huyu wa ng'ombe, huyu wa ngamia, huyu wa shule, na aliyepelekwa shule si lazima awe mwerevu kuliko wenzake. Ng'ombe walipokwisha, mgawanyo huo ulipoteza maana. Serikali nayo ilianza miaka ya 1970 kujenga shule za msingi za bweni katika nchi kame, na mwaka 1971 ikaondoa ada katika wilaya hizo.

Si kwamba watoto hao hawakuwa na elimu kabla ya hapo. Mtoto wa Kiislamu wa Isiolo alianza, na hata leo huanza, kwa duksi. Alfajiri aliketi na ubao wake, akaandika aya kwa wino wa makaa, akaisoma kwa sauti hadi aihifadhi, ndipo auoshe ubao na kuandika nyingine. Mtoto wa Lamu alisema anakwenda chuoni; wa Isiolo alisema anakwenda duksi, neno la Kisomali; lakini mwalimu wa wote wawili alikuwa maalim au mwalimu, kutoka mzizi mmoja wa Kiarabu. Hapa pana jambo ambalo walimu wa Kiswahili wa shule za kaskazini wangeweza kulitumia na hawakulitumia. Mtoto huyo alipofika darasa la kwanza alikuwa amekwisha kuzoea maneno kama kitabu, dunia, kalamu, saa na sala katika sura zake za Kiborana au Kisomali. Nusu ya msamiati wa somo la kwanza alikuwa nao mfukoni. Aliambiwa hajui kitu.

Sera za serikali tutazipitia kwa haraka, maana zimeandikwa mara nyingi. Mwaka 1957 mpango wa kufundisha kwa Kiingereza tangu darasa la kwanza ulianza katika shule za Waasia mjini Nairobi. Tume ya Ominde ya mwaka 1964 iliukubali utaratibu huo kwa nchi nzima. Ilikitaka Kiswahili kiwe somo la lazima, lakini mtihani wa kumaliza shule ya msingi uliofuata ulikuwa na Kiingereza, hesabu na karatasi ya maarifa tu. Somo lisilotahiniwa ni mgeni asiyepewa kiti. Kamati ya Gachathi (1976) ilirudisha lugha ya eneo katika madarasa matatu ya mwanzo, na Ripoti ya Mackay (1981) ikazaa mfumo wa 8-4-4. Ndipo mwaka 1985 Kiswahili kikatahiniwa kwa mara ya kwanza katika shule za msingi za nchi nzima.

Mwaka huo ungalipaswa kuiua diski, angalau kwa upande wa Kiswahili. Haikufa. Katika shule niliyosoma mimi, miaka mingi baada ya 1985, Kiswahili kiliruhusiwa siku moja ya juma, na siku zilizobaki kilikuwa kosa. Mwanafunzi aliyevishwa diski Jumatatu kwa kusema Kiswahili uwanjani, Jumanne alipewa alama ndogo kwa kukisema vibaya darasani. Sikumbuki mwalimu hata mmoja aliyeona ajabu. Kiboko kilipigwa marufuku mwaka 2001, na hapo adhabu ikageuka kuwa kufagia au kuchota maji. Kibao chenyewe kilibaki.

Lakini maisha ya bweni yalikuwa na saa nyingi ambazo diski haikuzifikia. Mtoto aliyelelewa kwa maziwa aliwekewa githeri, na kwa juma la kwanza wengi walilala na njaa wakiitazama sahani. Walijifunza kuila kwa kuelekezwa na wenzao wa Kimeru, na maelekezo hayo yalitolewa kwa Kiswahili. Taa zilipozimwa, hadithi zilisimuliwa kwa Kiswahili: ngamia waliopotea, fisi wa Merti, timu za mpira zilizosikika redioni. Kugombea ndoo na kuazima sabuni, na hata kuandika barua kwa msichana wa shule jirani, hayo yote yalifanyika kwa Kiswahili. Neno mono, analoitwa mwanafunzi mpya wa kidato cha kwanza, nililisikia Isiolo kabla sijajua kwamba linatumika Kenya nzima. Inasemekana kwamba vijana wa kaskazini hujifunza Kiswahili shuleni. Ni kweli, ila hawakufundishwa na walimu.

Kiswahili hicho kina sura yake, na hapa ndipo ninapotofautiana na baadhi ya wenzangu wanaosahihisha mitihani. Mwanafunzi wa Waso husema na kuandika kitabu yangu imepotea. Msahihishaji hupiga mstari mwekundu mara mbili na kusema huyu hajui ngeli. Tuitazame lugha yake ya kwanza. Kiborana na Kisomali ni lugha za Kikushi: nomino zake ni za kiume au za kike, na hazina utaratibu wa viambishi vya ngeli kama wa Kibantu. Kiturukana nacho kina jinsi zake tatu na hakina ngeli za Kibantu. Mtoto wa Kimeru, kwa upande mwingine, amekua akisema muntu na antu. Anajua tangu utotoni kwamba nomino huamuru sentensi, na kazi yake ni kubadilisha viambishi tu. Watahiniwa hawa wawili hupimwa kwa karatasi moja, dakika zile zile. Isitoshe, anachofanya yule wa Waso si fujo. Huteua upatanisho mmoja, ya- na i-, akautumia kwa vitu vyote kwa uthabiti, na kwa binadamu na wanyama huhifadhi a- na wa-. Hiyo ni sarufi, ingawa si sanifu. Vivyo hivyo kwa matamshi: Kisomali na Kiborana hazina /p/, /v/ wala /z/ katika maneno yao ya asili, na anayesema bolisi ametii sheria ya lugha yake kwa uaminifu kuliko anavyodhihakiwa.

Sisemi kwamba msahihishaji ampe alama za bure. Mtihani ni wa Kiswahili sanifu, na kijana wa Isiolo anayetaka kuwa mwalimu au wakili hana budi kukimudu. Nasema kwamba kosa linaloeleweka linaweza kufundishwa, na lisiloeleweka huishia kuitwa uvivu, au vibaya zaidi, kuitwa ugeni. Neno hili la pili si dogo kwa watu ambao vitambulisho vyao vimechunguzwa mara mbili kila walipovuka kizuizi. Kijana anayeambiwa kwamba Kiswahili chake si Kiswahili husikia neno jingine nyuma ya hilo.

Tanzania ilichukua njia nyingine, ikafundisha shule za msingi kwa Kiswahili, na huko ukimya humpata mtoto baadaye, anapoingia sekondari na kukuta masomo kwa Kiingereza. Mtaala mpya wa Kenya, ulioanza kujaribiwa 2017, unaelekeza tena lugha ya eneo kwa madarasa matatu ya mwanzo. Katika Merti jibu ni Kiborana, Oldonyiro ni Kisamburu, Ngaremara ni Kiturukana. Katika Bulla Pesa jibu ni Kiswahili, yaani kile kile cha kitabu yangu, na mwalimu anayefika huko na kitabu cha sarufi ya Kiunguja ana kazi ambayo chuo hakikumwandaa kuifanya.

Nimetaja ukimya, nami nitaeleza nina maana gani. Diski ilikuwa na kasoro moja ambayo sisi watoto tuliigundua mapema: haikuweza kumpata asiyesema. Katika darasa letu alikuwako mvulana aliyeletwa kutoka upande wa Merti, mrefu kuliko sisi sote, ambaye hakuwa na Kiingereza na Kiswahili chake alikionea haya. Muhula mzima wa kwanza hakusema neno, akasifiwa na mwalimu wa zamu kwa nidhamu. Katikati ya muhula wa pili mpira wetu ulichukuliwa na darasa la juu. Alisimama mbele yao akasema kwa sauti: Mpira ni yetu. Aliyekuwa na diski siku hiyo nilikuwa mimi. Niliivua nikamvisha.