Hifadhi na Kipande: Habari za Wakimbizi katika Nchi Yetu ya Tana



Hifadhi si jambo geni kwetu. Kabla ya kuwako karatasi wala mhuri, mtu aliyefukuzwa kwao alifika kwenye boma la wengine, akanywa maziwa yao, akaitwa magan, na damu yake ikawa juu ya shingo za wenyeji wake. Kadhalika twajua habari za Waislamu wa kwanza waliovuka bahari kwenda Uhabeshi yapata mwaka 615, na jinsi Najashi alivyokataa kuwatoa kwa wajumbe wa Makuraishi waliomjia na zawadi. Lakini hifadhi ya zama hizi ina milango yake na funguo zake, nasi wa Balambala tulichelewa kuzijua. Waliolipa gharama ya kuchelewa huko ni watoto wetu wenyewe.

Mkataba ulio asili ya sheria hii ulifanywa Geneva tarehe 28 Julai 1951. Humo mkimbizi ni mtu aliye nje ya nchi yake kwa kuogopa, kwa sababu za haki, kuteswa kwa ajili ya kabila, dini, utaifa, kundi lake au fikira zake za siasa. Wakati ule uliwahusu watu waliopatwa na mambo ya kabla ya mwaka 1951, maana waliouandika walikuwa wakiifikiria vita ya Ulaya; Itifaki ya 1967 ndiyo iliyoondoa mpaka huo. Kenya iliingia katika Mkataba mwaka 1966. Umoja wa Nchi Huru za Afrika nao, ukikutana Addis Ababa mwaka 1969, ukaongeza neno kubwa: kwamba ni mkimbizi pia yeye akimbiaye vita, uvamizi au machafuko yaliyoharibu amani ya nchi, hata kama hakuna aliyemtafuta yeye binafsi.

Neno hilo lilitufikia mlangoni mwaka 1991. Januari ya mwaka huo Serikali ya Siad Barre ilianguka Mogadishu, na watu wakamiminika kuvuka mpaka. Kambi ya Ifo ilifunguliwa karibu na Dadaab, zikafuata Dagahaley na Hagadera. Kambi hizo tatu zilikusudiwa watu 90,000. Katika ukame wa 2011 watu walipita 400,000. Kwa wingi wao haikuwezekana kumhoji kila mmoja, hivyo Wasomali walipokewa kwa jumla kuwa wakimbizi kwa vile hali ya nchi yao ilivyokuwa dhahiri kwa kila mtu.

Kenya haikuwa na sheria yake ya wakimbizi mpaka ile ya 2006. Hiyo iliamuru mgeni ajitokeze mbele ya ofisa mara aingiapo, au kwa vyovyote katika siku 30. Akikataliwa, alikuwa na siku 30 za kukata rufani kwenye baraza la rufani, na akishindwa huko, siku 21 za kwenda Mahakama Kuu. Sheria ya 2021 imeondoa ile ya 2006 na kuweka Kamishna wa wakimbizi, lakini ngazi hizo zimebaki: ofisa, rufani, kisha mahakama. Wala mtu haruhusiwi kurudishwa penye hatari ya maisha yake.

Msidhani mahakama ni pambo. Mwaka 2016 Serikali iliondoa ile ruhusa ya kuwapokea Wasomali kwa jumla, ikatangaza kwamba Dadaab itafungwa. Tarehe 9 Februari 2017 Mahakama Kuu ya Nairobi iliibatilisha amri hiyo ya kufunga.

Sasa nije kwenye letu. Raia wa Kenya mwenye asili ya Kisomali alikwisha zoea kuulizwa, “Wewe ni wa wapi?” Mwezi wa Novemba 1989 Serikali iliamuru Wasomali wote wa Kenya wahakikiwe, na waliokubaliwa wakapewa kadi ya rangi ya waridi ambayo jirani zao wa makabila mengine hawakutakiwa kuwa nayo. Haikupita hata miaka miwili, kambi zikafunguliwa. Ukame ulipoua mifugo, wako wenyeji waliokwenda Dadaab wakajiandikisha kuwa wakimbizi ili wapate chakula, dawa na shule. Wengine walikuwa watoto wachanga waliobebwa mgongoni, wasijue kilichoandikwa. Siwalaumu wazazi, mwenye njaa haulizi jina la daftari.

Lakini daftari halikusahau. Alama za vidole zilihifadhiwa, na kijana alipofika miaka 18 kuomba kipande, mtambo ulimwita mkimbizi. Bila kipande hakuna kazi wala kura, na safari ya kupita kizuizi cha barabarani huishia kituoni. Mwaka 2019 Serikali ilifanya uhakiki wa watu hawa, na Februari 2025 Rais William Ruto alitangaza huko Wajir kwamba uhakiki wa ziada kwa waombaji wa mikoa ya mpakani umekwisha. Tangazo hilo twalishukuru, ingawa kuondoa uhakiki si sawa na kufuta jina katika daftari la wakimbizi.

Kisheria, kijana huyo hakupoteza kitu. Katiba ya 2010, kifungu cha 14, yasema aliyezaliwa na baba au mama raia ni raia, hata akizaliwa nje ya nchi. Kifungu cha 12 champa haki ya kupata hati zake. Cha 47 chamtaka ofisa atende kwa haki na kwa haraka, na akinyimwa haki apewe sababu kwa maandishi. Cha 22 chamfungulia mlango wa mahakama. Basi mzazi atunze cheti cha kuzaliwa, kadi ya kliniki, karatasi za shule na nakala ya kipande chake mwenyewe. Kijana akikataliwa, aombe jibu la maandishi, maana jibu la mdomo halina la kuonyesha mbele ya hakimu. Na mzee aitwaye kushuhudia aende mwenyewe, aseme jina la babu wa kijana na kisima walikonyweshea, asimtume mtu mwingine kwa niaba yake.