Siku Mbili katika Nyumba ya Tharia Topan

Sisi wa Bukavu tumezoea nyumba za kando ya maji. Kivu yetu ina hoteli zake, na maua, na mitumbwi ya wavuvi wa sambaza. Lakini safari hii tulikuwa Unguja, kwa wema wa rafiki mmoja aliyetulipia, maana bei ya chumba kile ingetosha kumlisha katekista na watoto wake siku nyingi. Tukalala humo Jumamosi na Dominika.

Nyumba yenyewe iko mtaa wa Hurumzi, katika Mji Mkongwe. Haikujengwa ufukoni kabisa, ila ukipanda juu ya dari unaiona bahari yote, na majahazi yakirudi jioni. Ngazi zake ni za kusimama kama ngazi za mnara. Tulihema kabla ya kufika. Milango ni ya kuchongwa, vitanda virefu vya zamani, kuta nene kupita dhiraa. Katika miaka ya 1990 Mmarekani mmoja, Emerson Skeens, pamoja na mwenzake, waliifufua wakaifanya hoteli. Kazi yao ni nzuri, hatuna budi kusema hivyo.

Basi, aliyeijenga ni nani? Ni Tharia Topan, Mhindi wa Kutch, dhehebu la Ismailia, aliyefika Unguja angali mtoto, hana kitu. Akajifunza biashara hata akashika forodha ya Sultani, akawa mmoja wa matajiri wakubwa wa pwani yote. Mwaka 1890 Malkia Victoria wa Uingereza alimpa cheo cha Sir. Mwaka uliofuata akafa. Ile nyumba ya dawa yenye roshani za mbao zilizonakshiwa, karibu na bandari, nayo ni sadaka yake. Wageni hupigiwa hadithi ya mtu huyu wakafurahi.

Sisi tulifurahi nusu. Maana Tharia Topan ndiye aliyemkopesha Tippu Tip.

Tuieleze kidogo biashara ile, kwa sababu wengi hudhani Tippu Tip alikuja kwetu kwa bunduki tu. Alikuja na deni. Msafara ulihitaji nguo, shanga, nyaya za shaba, baruti na bunduki, na wapagazi mamia kwa mamia. Mali hiyo aliitoa tajiri wa Unguja, naye hulipwa kwa pembe za ndovu, pamoja na faida, msafara urudipo. Na msafara ulikawia! Safari moja ya Tippu Tip, iliyomfikisha Maniema, ilichukua miaka kama kumi na miwili, akarudi Unguja mwaka 1882. Mwenye kudaiwa hivyo harudi mikono mitupu. Pembe zikipungua hutafutwa kwa nguvu. Kijiji kikikataa huchomwa. Watu hukamatwa, wengine wakombolewe kwa pembe, wengine watumwe kazi, wengine wauzwe. Hata Stanley mwaka 1874 alipata vyombo vya safari kwa Tharia, akamsifu kwa uaminifu wake. Na mwaka 1876 yeye na Tippu Tip waliondoka Nyangwe pamoja, kuufuata mto.

Hatusemi kwamba Tharia alimpiga mtu mjeledi. Huenda hakumwona hata Mmaniema mmoja akilia. Alikaa hapa, upepo wa bahari ukimpepea, akaandika hesabu katika daftari, na hesabu zilikuwa sahihi. Jambo hilo ndilo lililotunyima usingizi usiku wa kwanza.

Tena kuna ajabu nyingine. Husimuliwa kwamba jina la Hurumzi latokana na neno "huru". Mwaka 1897 Sultani, kwa kusukumwa na Waingereza, alitoa amri ya kukomesha utumwa Unguja na Pemba, na mabwana waliowaacha watumwa wakalipwa fidia. Watu husema malipo hayo yalitolewa katika nyumba hii hii. Angalieni: aliyelipwa ni bwana. Mtumwa alipewa karatasi.

Jumamosi jioni tulikula juu, tumekaa juu ya mito. Ikasikika kengele ya hekalu la Wahindu mtaani, kisha adhana kutoka pande zote. Asubuhi ya Dominika tukaisikia ya tatu, kengele ya Mtakatifu Yosefu, kanisa lenye minara miwili lililojengwa na Mapadri wa Roho Mtakatifu miaka ya 1890. Tukashuka zile ngazi tukaenda Misa. Masomo yalikuwa kwa Kiswahili, nasi tukaitikia bila kigugumizi. Kiswahili hicho kilifika Maniema kwa njia ya misafara ile ile, katika vinywa vya Wangwana, kisha kikafika hata kwetu Kivu. Leo twafundishia katekisimu kwacho.

Wakati wa kuondoka kijana wa mapokezi alituletea kitabu cha wageni. Tukaandika: Bukavu, Kongo.

"Mbali sana, shehe," akasema. "Mmekuja kwa ndege?"

Tukamjibu kwamba tumekuja kwa basi, na meli kutoka Dar es Salaam, na kwamba wazee wa Maniema walifika hapa kwa miguu. Akatutazama, akauliza walifuata nini. Tukaketi tena, tukamsimulia, hata mpagazi akaja kutuambia tutaikosa meli.